Salamabila: deni si kosa, na hakuna mtu anakamata nyumba bila mwamuzi

Wandugu wa Salamabila, wa Kasongo, wa Kabambare, na nyinyi wote watoto wa Maniema ya kusini wenye mko Kindu, Bukavu, Uvira na Goma,

Kila siku tunazungumza juu ya zahabu, juu ya barabara, juu ya usalama. Leo tunazungumza juu ya kitu chenye hakipigi kelele: nyumba za wazazi wetu zenye zinapotea juu ya deni. Hazichomwi na moto. Hakuna mashini inakuja kuzibomoa. Zinapotea kimya-kimya, juu ya meza, na bik moja na karatasi moja. Asubuhi mzee iko mwenye parseli, mangaribi anakuwa mpangaji ndani ya nyumba yenye alijenga na mikono yake.

Kila mtu wa hapa anajua gisi inapitaka. Banki haiko karibu, na hata kama iko, itauliza mshahara wa kila mwezi na karatasi zenye mchimbaji hana. Basi PDG wa shimo anatafuta feza ya kulisha wachimbaji mpaka wafike kwenye zahabu. Mama anatafuta feza ya kupasuliwa mtoto kwa hospitali. Baba anatafuta minerval mbele watoto wafukuzwe darasani. Wote wanaishia mlango ule ule: négociant, mwenye duka, ama ile mikopo yenye watu wanaita « Banque Lambert », yenye unakamata leo na unarudisha na nusu juu yake. Mwenye kukopesha anauliza swali moja tu: garanti yako ni nini? Na mtu wa kwetu, akitazama mbele na nyuma, hana kitu kingine paka nyumba.

Hapa njo mtego unaanza. Tuseme mtu anakopa dola 600, na anapashwa kurudisha 900 kisha miezi mitatu. Karatasi yenye anasaini haisemi kama alikopa dola 600. Inasema ameuzisha parseli yake, bei imelipwa yote, hana neno tena. Juu yake kuna kichwa kikubwa: « Acte de vente ». Mdomo unasema deni, karatasi inasema uuzaji. Shimo likitoa, karatasi inapasuliwa na watu wanasalimiana. Shimo lisipotoa, mdomo unasahauliwa, karatasi inabaki. Na nyumba yenye inaweza kuuzwa mara tatu ama ine ya ile feza, inaenda na dola 600.

Sisi hatusemi kama mwenye kukopesha ni adui. Deni inalipwa, na wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Mtu mwenye alitoa feza yake iko na haki ya kuirudishiwa. Lakini kurudishiwa feza ni kitu kimoja, kukamata nyumba ya mtu ni kitu kingine. Katikati ya vile vitu viwili kuna sheria, kuna mwamuzi, na kuna wakati. Wazazi wetu wananyimwa vyote vitatu.

Tutazame kwanza mfano wenye uko mbele ya macho yetu. Namoya iko hapa. Kampuni Banro, ya Kanada, ilitangaza kama uzalishaji wa biashara wa Namoya ulianza Januari 2016. Haikupita hata miaka miwili, Banro yenyewe ilishindwa kulipa. Ilikuwa na deni ya zaidi ya dola milioni 190 kwa wale wenye walinunua hati zake za mkopo, na deni ingine juu yake. Je, wakopeshaji walikuja usiku na polisi? Je, waliambia wakubwa wa Banro wasaini « acte de vente » ndani ya buro ya OPJ? Hapana. Mwezi wa 12 mwaka 2017, Banro ilienda kwa tribinali ya Ontario, kule Kanada, ikaomba ikingwe. Mwamuzi akasimamisha wakopeshaji. Watu wakakaa meza moja, wakahesabu, wakapanga upya. Sehemu kubwa ya deni ikageuzwa kuwa hisa, na katikati ya mwaka 2018 kampuni ikatoka mule.

Hatusemi ile mpango ilileta mazuri kwa Salamabila. Mwaka 2019 mgodi ulisimamishwa tena juu ya vita, na wote wenye walikuwa wanaishi juu ya ile kazi, wafanyakazi, wapika chakula, wenye moto, wenye duka, walibaki mikono mitupu. Mgodi ukisimama, deni haisimami. Tunasema neno moja tu: kampuni kubwa yenye ilichimba zahabu ya chini ya miguu yetu, siku ilishindwa kulipa, ilipata mwamuzi na ilipata wakati. Mama mwenye anauzisha fufu kwa soko ya Salamabila, siku anashindwa kulipa dola 300, anapata convocation ya polisi na siku mbili. Kama wakati na mwamuzi ni haki ya kampuni, njo haki ya mama pia.

Na ile haki tayari iko ndani ya sheria ya inchi yetu. Haiko kitu cha kuomba kama zawadi. Tuisome pamoja.

Katiba ya 18 Februari 2006, article 34, inasema kama hakuna mtu anaweza kukamatiwa mali yake bila uamuzi wa tribinali yenye iko na uwezo. Haisemi chef wa localité. Haisemi kamanda. Haisemi mwenye alikukopesha. Inasema tribinali.

Tangu 12 Septemba 2012, Kongo iko pia ndani ya OHADA, umoja wa inchi 17 za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara. Sheria yake juu ya garanti, ya 15 Desemba 2010, iko wazi. Nyumba yenye inawekwa garanti, kwa kifaransa « hypothèque », inapashwa kuwa imeandikwa kwa buro ya titres immobiliers, maana yake iko na « certificat d'enregistrement ». Hypothèque yenyewe inapashwa kufanyika mbele ya mtu wa serkali ama notero, ama kwa karatasi ya namna yenye sheria imekubali, kisha iandikwe. Karatasi ya kuandika na mkono kwenye kaunta ya duka haiko hypothèque.

Tena ile sheria inakataza kitu chenye kinafanyika kila siku kwetu. Maneno ya « nisipolipa tarehe hii, nyumba inakuwa yako » yanakubaliwa paka kama mwenye kuweka garanti ni kampuni ama mfanyabiashara mwenye aliandikishwa kwa RCCM, na paka kama ile nyumba haiko ya kukaa watu. Nyumba ya kulala familia haimo. Mwenye kukopesha hawezi hata kuomba tribinali imupe nyumba yenye njo makao makubwa ya mwenye deni. Akitaka feza yake kutoka kwa ile nyumba, inapashwa kupita kwa mnada wa wazi: kuwe hukumu ama hati yenye nguvu ya hukumu, huissier alete « commandement », tribinali isimamie, watu watoe bei. Na kama bei imepita deni na gharama, yenye inabaki ni ya mwenye nyumba. Mapatano yoyote ya kuruka ile njia hayana nguvu.

Kuna na sheria ya familia. Mume hawezi peke yake kuuzisha nyumba ya pamoja ama kuiweka garanti bila mke wake kukubali, na mke vilevile. Ni hivyo hata kama walioana chini ya mpango gani wa mali. Njo maana tunaambia wamama: kama karatasi ilisainiwa na baba peke yake, usifungashe vyombo. Neno lako halijasikiwa bado.

Sasa, mtu mwenye tayari deni imemushinda, afanye nini? Njia ziko, hata kama zote haziko nyepesi.

Ya kwanza ni kuzungumza mbele tarehe ifike. Watu wetu wengi wanaogopa, wanazima simu, wanabadilisha njia ya kwenda soko. Kukimbia njo kunampa mkopeshaji sababu ya kusema mtu huyu ni mwizi. Enda na mashahidi wawili, peleka kitu kidogo chenye uko nacho, omba tarehe zipangwe upya, na yote iandikwe. Kila feza yenye unatoa, omba recu. Feza bila recu ni maji yenye umemwanga kwa mchanga.

Ya pili ni kulipisha nyumba yenyewe deni yake. Nyumba ya vyumba ine inaweza kupangisha viwili. Parseli kubwa inaweza kukatwa, sehemu moja ikauzishwa. Na kama kweli hakuna njia ingine, uuzishe mwenyewe, kwa bei ya soko, na mke na watoto wakubwa wakijua. Nyumba ya dola 2500 yenye imeuzwa vizuri inalipa deni ya 900, na 1600 zinabaki za kuanza fasi ingine. Nyumba ile ile yenye imekamatwa na karatasi ya uongo inakuachia zero. Inauma kuuzisha nyumba, tunajua. Lakini kuuzisha na kunyang'anywa si kitu kimoja.

Ya tatu ni kuomba mwamuzi wakati. Kwa kifaransa inaitwa « délai de grâce », na ujifunze ile jina juu njo utalisema kwa tribinali. Sheria ya OHADA juu ya kulipisha madeni inaacha mwamuzi atazame hali ya mwenye deni na mahitaji ya mkopeshaji, kisha asogeze malipo ama ayakate vipande-vipande, mpaka mwaka mmoja. Kuna madeni yenye hayaingie mule: feza ya kulisha watoto ama familia, na hati za biashara kama traite. Lakini deni nyingi za watu wa kwetu zinaweza kuingia. Mwaka mmoja ni misimu miwili ya mavuno. Ni wakati wa shimo kukauka na kuchimbwa tena.

Ya ine ni kupinga karatasi ya uongo. Mtu akisaini « acte de vente » na kumbe ilikuwa deni, hata kama tayari amesaini, asiseme yote imekwisha. Tangu sheria ya mapatano ya 1888 yenye tunatumia mpaka leo, saini yenye imetolewa kwa nguvu, kwa kudanganywa ama kwa kosa kubwa inaweza kuvunjwa na tribinali. Sheria inataka haki, lakini haki inataka ushahidi: nani alikuwepo, feza ngapi ilitoka kweli, ujumbe gani uko ndani ya simu, recu gani ziko, nani alikuwa anaishi ndani ya ile nyumba kisha siku ya « uuzaji ». Chunga kila kitu. Usifute WhatsApp.

Ya tano ni juu ya polisi. Tusikilizane vizuri hapa. Kushindwa kulipa deni si kosa la kufungia mtu. Mkataba wa kimataifa wa haki za raia na za siasa, wenye inchi yetu ilikubali mwaka 1976, unakataza kufunga mtu juu tu hakuweza kutimiza mapatano. Njo maana wenye kutaka kufunga wanabadilisha jina: wanaandika « abus de confiance » ama « escroquerie ». Wakikuita, usikatae kwenda, lakini usiende peke yako. Uliza kosa ni gani na nani anashitaki. Na usisaini karatasi yoyote ya nyumba ndani ya buro ya polisi, hata kama wanasema ni ya kukufungulia. Wakija nyumbani kukutosha, uliza kitu kimoja: hukumu iko wapi, na huissier iko wapi? Kama havipo, huyo haiko mtu wa kutekeleza sheria. Ni mtu mwenye amekuja kukuibia mchana.

Kuna wale wenye walikimbia. Kila wakati risasi zinalia katikati ya Salamabila na Kasongo, familia zinabeba mikeka na zinaenda. Mwenye alikimbia vita hajapotesha nyumba yake, na deni yake haijageuka kuwa uuzaji juu hayuko. Kama jirani yako yuko mbali na unaona mtu mgeni anapima parseli yake na kamba, mpigie simu. Uliza, andika, shuhudia. Hiyo njo ujirani.

Tunasikia tayari jibu la wengi: « Nyinyi vijana munasema tribinali, tribinali. Tribinali iko mbali, njia ni mbovu, avoka anataka feza, na mwenye kukopesha iko na feza kutushinda. » Ni kweli. Hatuwezi kumwambia mama mwenye hana ya kula leo akamate moto mpaka Kindu kutafuta haki. Lakini kuwa mbali kwa tribinali haiko sababu ya kuacha sheria. Ni sababu ya kulazimisha tribinali isogee. Kama serkali inaweza kusafirisha wanajeshi wa kulinda mgodi, inaweza kusafirisha waamuzi watatu na greffier mmoja wa kulinda nyumba.

Wengine watasema: « Mukikataza nyumba kuwa garanti, hakuna mtu atakopesha tena. » Hatukatazi garanti. Tunakataza uongo. Deni yenye imeandikwa vizuri inamlinda na mkopeshaji pia: tarehe iko, kiasi iko, mashahidi wako, tribinali inaweza kumsaidia. Mwenye anaogopa kuandika neno « deni » juu ya karatasi ya deni, ujiulize anatafuta nini. Haogopi kupoteza feza yake. Anatafuta parseli.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba mpaka tujibiwe:

1. Tribinali zilete « audiences foraines » Salamabila, kwa tarehe zenye zinajulikana mbele, juu ya kesi za madeni na za parseli. Waamuzi wamekwisha kutembea fasi zingine za inchi hii. Wafike na hapa.

2. Parquet iambie OPJ wote waache kukamata watu juu ya madeni ya kawaida, na waache kusainisha karatasi za nyumba ndani ya buro zao.

3. Wachef wa localité na wa quartier wasiweke tena muhuri juu ya « acte de vente » kama mume na mke wote wawili hawako mbele yao, na kama hawajauliza kwa sauti, mbele ya majirani: hii ni kuuzisha ao ni kukopa?

4. Kazi ya titres immobiliers ifike mpaka kwa raia, na bei ibandikwe ukutani. Tangu sheria ya 20 Julai 1973, ardhi ni ya serkali na « certificat d'enregistrement » njo inaonyesha haki ya mtu. Lakini wengi wa wazazi wetu wako tu na fiche ama karatasi ya chef. Serkali haiwezi kukataa kuwapa karatasi, kisha iwaambie siku ya kesi kama hawana karatasi.

5. Kampuni yoyote yenye inachimba Namoya, na wenye kuifanyia kazi chini yake, walipe mishahara na mafaktira kwa wakati. Deni nyingi za hapa ni watoto wa mshahara wenye ulichelewa.

Na sisi wenyewe? Hatungojei serkali ndipo tuanze. Kila mmoja wetu mwenye anajua kusoma kifaransa asome karatasi ya mzee wa jirani mbele mzee asaini. Ni kazi ya dakika kumi na inaweza kuokoa kazi ya miaka makumi mbili. Tuingie ndani ya AVEC na likelemba za mitaa yetu, juu dola 50 ya kikundi, yenye inapatikana siku ya ugonjwa, inazuia dola 500 ya Banque Lambert. Tusindikize mtu akiitwa na polisi: watu watano wenye wako kimya kwenye mlango, bila jiwe, bila tusi, wanabadilisha mazungumzo ya ndani. Na mwenye anasomea droit kule Kindu ama Bukavu, likizo ikifika, arudi na kodi ndani ya kifuko. Akae chini ya mti na watu wamuulize.

Mwishowe, neno kwa wenzetu wenye wanakopesha, juu wako na vijana pia. Feza yako ulitokea jasho, hatuikatai. Andika deni kama deni. Weka faida yenye mtu anaweza kulipa. Ukishindwana na mwenzako, mufike mbele ya mwamuzi. Lakini kama unajenga utajiri wako juu ya nyumba za watu wenye hawakuelewa karatasi, ujue majina ya parseli yanabaki kichwani mwa watu. Mtoto mwenye alizaliwa ndani ya ile nyumba atapita mbele yake kila siku akienda shule. Hatasahau.

Zahabu ya Salamabila ilishaenda mbali, wengi wetu hatujui hata rangi ya feza yake. Tulibakiwa na nyumba. Hizi hatutaziacha ziende na bik.

Ukiona karatasi, soma. Ukishindwa kusoma, itisha mtu. Ukiitwa, usiende peke yako. Na mtu akija kukutosha nyumbani, umuulize mwamuzi iko wapi.